Kutafutiwa jina katika madaftari ya ubatizo Rungwe: huduma nzuri yenye jibu moja bovu

Kwa familia nyingi za Rungwe na Kyela, anayetaka kufuatilia ukoo wake hadi nyuma ya kizazi cha nne hana maandishi ya kutegemea zaidi ya madaftari ya ubatizo, kwa kuwa wazee wetu wengi wa vijijini hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Huduma ninayoizungumzia inatolewa na ofisi ya ushirika (yaani usharika) mmoja wa zamani wa Kanisa la Moravian wilayani Rungwe, ambayo kwa shilingi 10,000 kwa kila jina humtafuta mhusika na kukupa nakala yenye muhuri, pamoja na risiti.

Utafutaji wenyewe unafanywa kwa uangalifu unaostahili sifa. Karani haruhusu mgeni kugusa daftari, na ana haki. Hulifungua mwenyewe, huweka rula chini ya mstari, kisha husoma safu moja baada ya nyingine: jina la awali, jina la ubatizo, kijiji, baba, wadhamini. Nakala huandikwa kama ukurasa ulivyo, bila kunyoosha tahajia, na hilo lina uzito kwa sababu Wamoravian walioanzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891 walikuwa Wajerumani, na kalamu ya Kijerumani huweka j mahali ambapo sisi tunaweka y. Baba wa bibi yangu, anayetajwa nyumbani kwa jina lake la utotoni tu, alipatikana akiwa ameandikwa kwa jina la ubatizo la Ambakisye, na kilichomtambulisha ni mdhamini wake, shemeji yake ambaye wazee bado wanamkumbuka vizuri.

Kasoro ilijitokeza nilipoulizia mama wa bibi. Nilipewa karatasi iliyoandikwa neno moja, "Hayumo", ikiwa na muhuri ule ule na kwa ada ile ile. Hayumo katika daftari lipi? Karani alipobanwa kidogo ndipo alipokiri kwamba kurasa za miaka kadhaa baada ya 1916 hazipo kabisa. Mwaka huo majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na makanisa yakabaki mikononi mwa Wakristo wenyewe na Waskoti wa misheni ya Livingstonia ya huko Nyasaland hadi Wamoravian waliporejea katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo huenda mama huyo hakubatizwa, huenda alibatizwa katika kituo cha Walutheri wa misheni ya Berlin, ambao nao walifika Unyakyusa mwaka 1891, au huenda aliandikwa katika kurasa zilizopotea; na kila uwezekano unampeleka mtafutaji mlango wake, iwe kwa wazee wa ukoo, kwa usharika wa jirani, au Herrnhut, Ujerumani, inakotunzwa hifadhi ya nyaraka za Wamoravian. Neno moja lisilotaja miaka iliyosomwa linaifunga milango yote mitatu, na kwa maoni yangu halistahili kulipiwa.

Bado ningemshauri mtu aende, mradi kabla ya kulipa aombe aandikiwe ni miaka ipi itakayosomwa na ipi haina daftari. Aende pia na majina ya mashemeji, wajomba na vijiji walivyohamia, kwa sababu karani huyu anajua kuyatumia, na afike asubuhi, kwani mchana ofisi hubaki na mlinzi tu.