Kila kundi mnyama wake, au kila kundi swali lake?

Nimefundisha kuhusu wanyama wanaofugwa kwenye bustani za wanyama kwa njia zote mbili hapa Kigoma, darasa la tano, makundi ya watoto sita sita.

Ya kwanza wanaipenda mno. Kundi linapewa mnyama mmoja: simba, twiga, mamba, kiboko, sokwe. Wanachora, wanauliza wazee, wanasimama mbele kwa fahari. Ila kundi la simba linaondoka likijua simba tu, na wakati wenzao wanaeleza, wao wanasinzia.

Njia ya pili inaanza kwa ubishi. Kundi linapewa swali: wanakula nini? Wanaleaje watoto? Wakifungiwa, wanakosa nini? Sasa lazima wapitie wanyama wote. Ndipo wanapogundua kwamba mamba, tunayemwogopa ziwani, huwabeba makinda wake mdomoni hadi majini, na kwamba kiboko hutoka usiku kula nyasi.

Swali la kufungiwa ndilo lililonigusa. Hifadhi ya Gombe iko jirani, na huko mwaka 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliona sokwe akivua mchwa kwa kijiti kichuguuni. Bustani nyingi za wanyama huwawekea sokwe vichuguu bandia vyenye matundu, wapate kazi ya mikono na akili. Watoto wangu, wanaookota kumbikumbi kila msimu wa mvua, walilielewa hilo mara moja.

Kwa darasa la pili au la tatu ningebaki na mnyama mmoja mmoja. Kuanzia la tano, nachagua maswali.