Kukata tiketi ya ndege kwa nauli nafuu kutoka Entebbe: njia nne kwa mpangilio wa ubora

Njia ninayoiweka ya kwanza ni kutafuta nauli kwenye Google Flights au Skyscanner, tovuti za kulinganisha nauli, kisha kukata tiketi katika tovuti ya shirika la ndege lenyewe, kwa sababu ratiba ikibadilika, mwenye ndege ndiye unayemdai. Kwa Dubai, kwa mfano, linganisha Uganda Airlines na Emirates, zinazokwenda moja kwa moja, na Ethiopian Airlines inayopitia Addis Ababa, na usiamue kabla ya kuona kama nauli inajumuisha mzigo mkubwa au begi la mkononi tu.

Familia zina hasara moja wasiyoiona. Viti vya daraja lilelile huuzwa kwa mafungu ya bei. Fungu la chini likibakiwa na viti viwili, anayetafuta vinne mara nyingi hutozwa vyote kwa bei ya fungu la juu. Tafuta kwanza nauli ya abiria mmoja, kisha ya wote, na ukiona kila kichwa kimepanda bei, kata wawili wawili. Tiketi zikitengana hivyo, hakikisha kila mtoto amekatiwa pamoja na mtu mzima.

Ya pili ni wakala wa safari mjini Kampala. Huongeza ada yake, lakini kwa asiye na kadi ya benki, anayelipa taslimu au kwa pesa za simu, ada hiyo naiona halali, maadamu ofisi inajulikana na namba ya tiketi inatolewa palepale.

Ya tatu ni tovuti za wauzaji wengine wa mtandaoni, wasio shirika la ndege, ambazo mara nyingine huwa na bei ya chini zaidi. Mimi nilinunua huko mara moja. Saa ya ndege iliposogezwa, shirika lilinirudisha kwa muuzaji, na muuzaji akanijibu kwa barua pepe baada ya siku tisa, safari ikiwa imeshapita.

Ya mwisho ni kupanda basi hadi Nairobi, kupitia Busia au Malaba, na kuruka kutoka huko. Nauli inaweza kupungua sana, lakini basi likichelewa mpakani na ndege ikakuacha, hakuna atakayekufidia. Anayeichagua na alale Nairobi usiku mmoja, na gharama ya malazi aijumlishe kabla ya kusema ameokoa kitu.