Mihadhara ya historia ya sheria Lubumbashi: somo la John Adams

Mihadhara ya jioni kuhusu wanasheria waliounda mataifa, ambayo wakili mmoja huitoa katika ukumbi mdogo wa komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, inastahili kiingilio chake cha faranga 5.000. Somo la John Adams, wakili aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, ndilo bora kati ya yale niliyoyasikiliza, ingawa lina pengo moja ambalo si la kufumbiwa macho.

Mzungumzaji hakukawia kwenye utoto. Alieleza kwamba Adams alizaliwa Braintree, katika koloni la Massachusetts, mwaka 1735, akasoma Harvard, akafundisha shule huko Worcester huku akijifunza sheria kwa wakili James Putnam; kisha akaingia kwenye kesi ya Boston, na hapo ukumbi mzima ukatulia. Tarehe 5 Machi 1770 askari wa Uingereza waliufyatulia umati risasi, watu 5 wakafa, na mji ukadai kisasi. Adams, ambaye tangu Sheria ya Stempu ya 1765, iliyotoza kodi kwenye karatasi na hati za makoloni, alikuwa akipinga hadharani kodi za Waingereza, alikubali kumtetea Kapteni Thomas Preston na askari wake 8, akijua kwamba jina lake lingeweza kuchafuka mbele ya wenzake.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna ushahidi ulivyowekwa mikononi mwetu. Nakala ya mchoro wa tukio hilo uliochongwa na Paul Revere, fundi wa Boston aliyewapinga Waingereza, unaoonyesha askari wamejipanga mstari mmoja na kapteni nyuma yao ameinua upanga, ilipitishwa kiti kwa kiti. Kisha yakasomwa maelezo ya mashahidi, ambao hawakuafikiana hata kama Preston alitoa amri ya kufyatua. Wanafunzi wa sheria walianza kubishana, na mzungumzaji, kwa hekima, akawaacha wabishane kabla ya kutoboa hukumu: Preston na askari 6 waliachiwa huru, na 2 waliopatikana na hatia ya kuua bila kukusudia wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Kwa vijana watakaovaa joho la uwakili, na ambao siku moja watamtetea mshtakiwa anayechukiwa na mtaa mzima, sijaona somo linalofaa kuliko hili.

Lakini miongoni mwa waliouawa alikuwemo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, na jina lake lilitajwa mara moja tu, kwa haraka. Mahakamani Adams aliueleza umati ule kuwa ni genge la vijana watukutu, watu weusi, machotara, Waayalandi na mabaharia, akambebesha Attucks lawama ya kuongoza fujo, na akadai kwamba sura yake pekee ilitosha kumtisha mtu. Sehemu ya ushindi ilijengwa juu ya maneno hayo. Sisemi hivi ili kumshusha Adams, ambaye hakumiliki mtumwa maisha yake yote, na ambaye katiba ya Massachusetts ya 1780, aliyoiandika kwa sehemu kubwa, ilitegemewa na mahakama mwaka 1783 katika shauri la Quock Walker, mtu aliyeshikiliwa utumwani akadai uhuru wake, utumwa ukakosa msingi wa kisheria katika jimbo hilo. Hata hivyo, msikilizaji wa Lubumbashi anayelipa kiingilio ana haki ya kuelezwa hoja za utetezi zote, na zile chungu zikiwemo.

Mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita vya uhuru wa Marekani, na urais wake wa 1797 hadi 1801 vilipitiwa kwa kasi. Hilo linavumilika, isipokuwa kwa sheria ya uchochezi ya 1798, iliyoadhibu maandishi ya kuishambulia serikali, ambayo Adams mwenyewe aliitia saini na ambayo iliwapeleka wahariri gerezani; hiyo ilihitaji nusu saa yake.

Fika mapema ukae viti vya mbele, kwa kuwa jenereta iliyo nje humeza sauti nyuma ya ukumbi. Maswali hupokelewa mwishoni, kwa subira na bila kukunja uso, na atakayehudhuria somo hili likirudiwa amuulize mzungumzaji habari za Attucks.