2,147,483,647 na 4,294,967,297: ipi ni namba tasa?

Zote zina tarakimu kumi na zimezaliwa na 2: ya kwanza ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, ya pili ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliiamini ya pili kuwa tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Siri yake? Kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa hiyo unajaribu namba tasa za aina hiyo tu: 193, 257, 449, 577, kisha 641, basi! Inapendeza mno. Ya kwanza haikuvunjika. Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa. Kwangu, hiyo ya pili ina mafunzo zaidi.