Safari ya Mwambani, Tanga: Mwongozaji Mzuri, Isipokuwa Neno Moja Kuhusu Anemoni

Katika bamvua iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu wanne wa kidato cha sita katika safari ya mashua inayoondoka ufukwe wa Raskazone saa mbili asubuhi, ili mtu awe mwambani mnamo saa nne, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tulilipa shilingi 25,000 kila mmoja, na kwa maoni yangu fedha hizo zilirudi zote katika nusu saa tuliyoinama juu ya dimbwi moja lenye anemoni wa bahari, mnyama laini mwenye minyiri inayochoma, aliyetanda upana wa sahani ya wali.

Mwongozaji hakuishia kutuonyesha samaki wenye mistari myeupe wanaojificha humo. Aligusisha kijiti kisafi kwenye mnyiri mmoja wa anemoni, ukanata kidogo kisha ukaachia. Alipogusisha kipande cha kamba mbichi, minyiri ya jirani ilijikunja pamoja na kukipeleka mdomoni. Ndipo akaeleza kwamba seli za kuchoma zina chaneli za ayoni, yaani vijilango vya protini kwenye utando wa seli, na kwamba kalsiamu ikiingia kupitia humo, uzi wenye sumu uliokunjwa ndani ya kifuko hufyatuka. Kila kifuko hufyatuka mara moja tu, kwa hiyo anemoni anayefyatua ovyo anajipa hasara.

Hadi hapo alikuwa sahihi. Alikosea aliposema kwamba anemoni wote hungoja kemikali za mawindo pamoja na mguso. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha hayo kwa Nematostella vectensis, anemoni mdogo anayeishi kwenye matope ya pwani, ambaye chaneli yake ya kalsiamu hubaki imezuiwa seli inapokuwa imetulia, mpaka kemikali za mawindo ziiondolee kizuizi hicho, na hapo ndipo mguso unapoweza kuifungua. Anemoni mwingine, Exaiptasia, ambaye hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mwani ulio ndani ya mwili wake, hana kizuizi cha namna hiyo na hufyatua kwa mguso mtupu. Kinachowatofautisha ni protini saidizi ndogo inayoambatana na chaneli: mabadiliko madogo mahali hapo yametosha kumfanya mmoja awe mwindaji mwenye subira, na mwingine awe mlinzi wa haraka. Anemoni wakubwa wanaohifadhi samaki nao hubeba mwani, na kwa sababu hiyo kule kunata kwa kijiti kisafi, ambako huenda kulikuwa kufyatua kwa mguso mtupu, kulistahili kujadiliwa palepale dimbwini, si kupitwa.

Miwani ya kuzamia ilivuja, na viatu vya mpira vilikuwa vya saizi mbili tu. Mwenye mguu mkubwa aje na vyake, maana mwamba unakata. Tukiwa njiani kurudi nilimweleza mwongozaji habari za Exaiptasia. Aliniomba nimtajie jina hilo mara tatu, akaliandika kwenye daftari lake lililolowa, kisha akauliza kama tunaweza kurudi bamvua ijayo tujaribu vijiti viwili, kimoja kisafi na kingine kilichopakwa utelezi wa samaki, kwa anemoni yuleyule. Nimeshamlipa nusu.