REAPER na nyuzi nane za nyatiti: uzoefu wangu wa kuhariri noti za MIDI

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikitumia REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri muziki, kuhariri noti za MIDI (maagizo ya kidijitali yanayosema noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani) katika studio yangu ndogo hapa Kondele, Kisumu, ambako kazi nyingi ninazoletewa ni za benga, ohangla na kwaya. Kihariri chake nilikithamini hasa siku nilipoanza kushughulikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo.

Mpigaji mmoja mzee alinikubalia nirekodi kila uzi peke yake, zote nane, pamoja na mlio wa oduong'o, ile pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ala. Sauti hizo nilizipakia katika ReaSamplOmatic5000, kifaa cha kupigia sauti zilizorekodiwa kinachokuja pamoja na programu, kila moja ikawa na kitufe chake kwenye kibodi. Kwa njia hiyo nyuzi zilibaki vile vile mzee alivyozikaza, bila kulazimishwa kufuata mpangilio wa piano. MIDI ina noti 128, nami nilihitaji 9 tu; kihariri kiliniruhusu kuzipa majina niliyoyataka, kisha nikaficha safu zote nisizozitumia, na kazi ikawa rahisi machoni.

Kosa nililolifanya mwanzoni lilikuwa langu mwenyewe. Nilizivuta noti zote kwenye gridi, yaani mistari inayogawa muda wa wimbo, kwa asilimia 100, tena gridi iliyogawa kila pigo mara nne, ilhali wimbo ulikuwa ukitembea kwa tatu-tatu. Mwendo wa nyatiti ulikufa papo hapo. Nilitengua, nikabadilisha gridi iwe ya tatu-tatu, kisha nikapunguza nguvu ya mvuto hadi asilimia 40, yaani kila noti ikasogea sehemu tu ya safari yake kuelekea mstari. Pale mkono ulipoyumba palinyooka kiasi, na pale ulipochelewa kwa makusudi paliendelea kuchelewa. Chaguo hili pekee linatosha kunifanya niipendekeze programu hii kwa yeyote anayerekodi muziki wa kwetu.

Nguvu ya kila pigo huonekana kama kijiti chini ya noti, kuanzia 1 hadi 127, na unaweza kuvichora upya vijiti vingi kwa mkokoto mmoja wa kipanya. Mimi hupendelea kuvigusa kimoja kimoja, hasa kwenye oduong'o, kwa sababu mguu haugongi kwa nguvu ile ile mara mbili.

Anayetafuta ngoma na vinanda vilivyo tayari atalazimika kuvitafuta kwingine, maana programu haiji na hazina kubwa ya ala. Majaribio ni ya siku 60 bila kipengele chochote kufungwa, na leseni ya bei nafuu, inayomfaa mwenye studio ndogo kama yangu, ni dola 60 za Marekani.

Mzee alipokuja kusikiliza, aliniomba pigo moja la oduong'o lije nyuma kidogo. REAPER huligawa kila pigo la wimbo katika tiki 960, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, tiki moja ni kama nusu ya milisekunde. Nililisogeza tiki 30. Alisikiliza tena akiwa amefumba macho, mguu wake ukiufuata wimbo hadi mwisho.