Koili ya inchi 15 kwenye mchanga wa Bamburi na Malindi

Nimeitumia koili ya inchi 15 kwa 12, yaani kile kisahani cha chini kinachohisi vitu mchangani, kwenye mashine ya kutafutia metali ya Minelab Equinox 800 kwa vipindi kadhaa vya bamvua, nikiibadilisha na ile ya inchi 11 inayokuja na mashine. Anayetaka kuinunua ili afike chini zaidi ajue mapema kwamba kina kinaongezeka kidogo tu. Pesa yako inakwenda kwenye ukubwa wa eneo utakalolimaliza kabla maji hayajarudi.

Koili zote mbili ni za muundo wa D mbili: ndani yake nyaya mbili zimezungushwa kwa umbo la D na kupishana katikati. Zinasoma vizuri zaidi kwenye ukanda mwembamba wa katikati unaotoka mbele hadi nyuma, wala si kwenye duara lote. Ukanda huo una urefu wa sentimita 38 kwenye koili kubwa na 28 kwenye ndogo. Ukiwa unasogea nusu ya koili kila unapopunga, mita 100 za ufuo zinataka upunge mara 526 kwa kubwa na mara 714 kwa ndogo. Pale Bamburi, maji ya bamvua yakipwa yanashuka zaidi ya mita 3 na kuacha uwanja mpana wa mchanga mbichi. Una kama saa nne za kazi: mbili za kuyafuata maji yakienda na mbili za kurudi nayo. Ndani ya saa hizo, tofauti hiyo ya hatua ni mistari mizima ya ufuo ambayo koili ndogo haiwahi kuifikia.

Kina nilikipima kwa pete ya dhahabu ya gramu 4 niliyoifunga mshipi wa nailoni ili isipotee. Shimo lilipimwa kwa kijiti cha mbao chenye alama, likafukiwa, likakanyagwa na kumwagiwa maji ya bahari. Usitumie futi ya chuma karibu na shimo. Sauti safi, inayosikika ukipunga kulia na ukipunga kushoto, ilipatikana kwenye sentimita 27 kwa koili ndogo na 31 kwa kubwa. Sentimita nne, basi. Mkufu mwembamba wa dhahabu ulikuwa kinyume kabisa: koili ndogo iliuona kwenye sentimita 12, kubwa ikaanza kuupoteza kwenye 10.

Sababu ya hayo mawili ni moja. Koili pana inatandaza nguvu yake kwenye eneo kubwa, kwa hiyo nguvu hiyo haififii haraka inapoteremka, lakini pia haijakusanyika vya kutosha kukiamsha kitu kidogo kilicho karibu. Kisha kuna ukuta wa kina wenyewe: kitu kikishakuwa mbali na koili, ukikizamisha mara mbili ya hapo mwangwi wake, yaani ishara inayoirudia koili, unapungua takriban mara 64. Hakuna koili inayoushinda ukuta huo kwa mbali. Na kadiri inavyokuwa pana ndivyo inavyosoma chumvi nyingi zaidi ya mchanga mbichi kwa wakati mmoja, nayo chumvi inapitisha umeme na kupiga kelele.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanafunga koili kubwa, wanaacha usikivu, yaani kiwango cha mashine kuhisi ishara ndogo, kwenye 20 au wanaupandisha, mashine inalialia, wanasema koili ni mbovu. Mpangilio ulionifaa ni huu: modi ya Beach 1 kwenye mchanga mkavu na mbichi, simu kwenye hali ya ndege, kisha kuondoa kelele huku koili ikiwa imetulia kabisa. Mashine inapitia chaneli 19 na kuchagua yenye utulivu. Baada ya hapo kusawazisha ardhi, yaani kuizoesha mashine iupuuze mchanga wenyewe: tafuta mahali pasipo chuma, shikilia kitufe huku ukiipandisha na kuishusha koili mpaka sauti itulie. Usikivu unakuwa wa mwisho. Kwa koili ya inchi 11 nilikaa kwenye 20 hadi 22. Kwa ya 15 nilishuka hadi 17 au 18, na bado ndiyo iliyofika chini zaidi. Punga polepole, sekunde mbili upande mmoja na mbili kurudi, koili ikiwa sambamba na mchanga. Ukiinua ncha mwisho wa kupunga, chumvi itakupa sauti ya uongo kila mara.

Malindi ni habari nyingine. Mto Sabaki unamwaga tope na madini mazito, na ufuo una mchanga mweusi unaometameta. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu: inatoka na ndevu nyeusi. Kwenye mchanga wa namna hiyo alama ya mchanga mweusi inatokea kwenye skrini na mashine inapunguza nguvu yenyewe. Koili kubwa inaileta alama hiyo mapema na mara nyingi zaidi. Pete ileile ilionekana kwenye sentimita 19 kwa ndogo na 18 kwa kubwa. Kwa Malindi na Mambrui siifungi tena.

Siifungi pia kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta baada ya sikukuu. Vifuniko vya soda viko kila kiganja, na koili pana inaviona vitatu kwa pamoja na kukupa kwenye skrini namba ya katikati, isiyo ya kitu chochote halisi. Hapo hata ya inchi 11 ni kubwa. Ya inchi 6 ndiyo kazi yake.

Mahali inaponipendeza kweli ni mchanga mweupe usio na takataka, hasa miezi ya kusi, mawimbi yakishakula ufuo na kuacha kingo. Mchanga wa juu umeondoka, vitu vizito vimebaki, na unahitaji kupita eneo kubwa haraka.

Kulenga ni kugumu zaidi. Usichimbe kwa kukisia katikati. Pita kitu kwa njia mbili zinazokatana, kisha rudisha koili nyuma taratibu mpaka sauti ikatike: kitu kiko mbele kidogo tu ya ncha ya koili. Hata hivyo zoa koleo la kuchekechea mara mbili au tatu, si moja.

Uzito unasikika kwenye kiwiko baada ya saa moja hivi. Refusha mkono wa mashine kidogo na usogeze kiegemeo cha mkono nyuma mpaka kiwiko kikae ndani yake. Majini kuanzia magotini, wimbi linaisukuma koili kama ubao. Huko rudi kwenye ndogo na modi ya Beach 2, ambayo ni ya majini.

Bolti inayofungia koili ni ya plastiki: kaza kwa vidole tu, na suuza washa za mpira kabla ya kufunga, kwani mchanga ukiingia hapo masikio ya koili, pale bolti inapopita, yanabanwa vibaya na yanaweza kupasuka. Waya uzungushwe ukiwa umebana. Waya uliolegea unaleta sauti za uongo. Makavazi ya Kitaifa lazima yapewe taarifa ya kitu chochote cha kale, na hifadhi za baharini usiingie na mashine bila kibali.

Jioni vua kifuniko cha chini cha koili. Mchanga mweusi unajikusanya ndani yake, na kijiko kimoja tu kinatosha kuifanya mashine ilie kesho yake asubuhi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, ndipo ukirudishe.